Kompyuta ya Fundi Vioo

3 Februari

Kasuku wangu,

Barua ikianza na habari za afya huwa unaziruka, kwa hiyo nazimaliza kwa mkupuo: mimi mzima, binti mzima, paa la duka linavuja palepale.

Nina ombi. Nimeliandika kwanza kwa penseli ndipo nikalitia wino, kwa hiyo usinicheke. Nataka kompyuta, na si ya kutazamia mpira. Nataka ile ambayo akili mnemba inakaa ndani yake yenyewe, hapa hapa nyumbani, bila intaneti hata chembe. Mteja mmoja aliyekuja kubadilisha kioo cha kabati aliniambia inawezekana. Anasema siku hizi watu wanaiweka modeli nzima kwenye mashine ya mezani, wanachomoa waya wa intaneti, na bado inawajibu. Nikajua papo hapo nani wa kumwuliza. Nina ndugu mmoja tu duniani, na kazi yake ni kufungua kompyuta za watu na kuzifunga zikiwa nzima.

Ni kwa ajili ya duka: vipimo vya madirisha, makadirio, barua za wenye majengo. Iwe inasikia nikiisemesha, maana mikono yangu ina vumbi la kioo kutwa na nikigusa vitufe nitaviua. Ijibu kwa sauti. Feni isipige kelele. Na narudia, intaneti hapana.

Harusi ya binti ni Agosti, Jumamosi ya katikati ya mwezi. Ukumbi tumepata. Gauni anasema hachagui mpaka shangazi yake afike.

Kaka yako,
Fundi Vioo


14 Februari

Kaka mpendwa,

Barua yako niliisoma kazini, juu ya meza yenye kompyuta nne zilizofumuliwa matumbo. Wenzangu wakaanza tena: dunia ya leo nani anaandika barua, si umpigie simu? Nikawaambia tena: kaka yangu na simu hawapatani. Akishika simu neno linamganda kooni, wa upande wa pili anadhani mtandao umekatika, anakata. Kwenye karatasi kaka yangu hana kigugumizi. Kwenye karatasi ananishinda hata mimi, na mimi mnajua ninavyobwabwaja.

Sasa tuje kwenye mashine. Kompyuta ya namna hiyo inachaguliwa kama unavyochagua meza ya kukatia vioo. Modeli, yaani hiyo akili yenyewe, ndiyo kioo. Memori ndiyo meza. Kioo kikizidi meza utakikata hivyo hivyo, lakini utakuwa unakisogeza, unakishikilia kwa goti, unahema. Na meza ziko za aina mbili. Kuna memori ya kawaida: ni pana, bei yake inavumilika, ila kazi juu yake inakwenda taratibu. Halafu kuna memori iliyo ndani ya kadi ya michoro, ile wanayoigombania wacheza michezo ya kompyuta: ni finyu na ghali, ila kazi juu yake inaruka.

Kwa hiyo niambie ukweli. Unataka akili kubwa inayojibu pole pole, au akili ndogo inayojibu hapo hapo? Kwa vipimo vya madirisha mimi ningekuchukulia kubwa ya pole pole. Dirisha halikimbii. Na itakaa wapi? Nipe vipimo, najua unaweza.

Hotuba ya baba wa bibi harusi nimeshaianza, usijali. Nilikusemea dukani tukitumwa sukari, nikakusemea kwa mwalimu, nikamwambia marehemu wifi kwamba unampenda wakati wewe umesimama nyuma ya mlango unatoka jasho. Kwenye harusi yako nilitoa shukrani, kwenye msiba wa mama nikatoa shukrani. Kasuku hajafa. Siku hiyo nitasimama na sauti yetu itasikika hadi barabarani.

Mdogo wako,
Kasuku


27 Februari

Kasuku,

Itakaa chumbani kwangu, juu ya cherehani ya marehemu wifi yako. Nafasi ni sentimita hamsini kwa arobaini, na hapo nimeshatoa milimita tatu kila upande za kupumulia, kama kwenye dirisha. Kioo kikibanwa sawasawa na fremu, jua likiwaka kinapasuka.

Kuhusu kubwa au ndogo, chagua unavyoona. Ya pole pole ni sawa. Usisahau kipaza sauti, tena kiwe kizuri, kinachosikia hata mtu akisema chini chini.

Asante kwa hotuba. Ila usijichoshe nayo mapema.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Kumbe duka limehamia chumbani! Haya, mwenye nyumba hapangiwi.

Mzigo huu hapa. Ni kompyuta iliyotumika ofisini, ikachoshwa na kazi za watu wa mahesabu, nami nikaifufua. Memori yake nimeijaza hadi nafasi ya mwisho, diski nimeweka mpya, na modeli iliyomo ni kubwa na ina busara. Kadi ya michoro sikuiweka, ungeilipia bure. Iwashe, subiri taa ya kijani, kisha sema. Inageuza maneno yako kuwa maandishi, inafikiri, halafu inajibu. Kufikiri kwake kutachukua muda, ukanywe maji urudi. Sauti nimekuchagulia ya mwanamke, maana ya kiume ilikwaruza kama mlango wa bati.

Neno moja tu. Adui yake ni vumbi la kioo. Unarudi nalo kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye nyusi. Likiingia kwenye feni, kwisha habari yake. Ilinde kama mboni ya jicho.

Hotuba imefika ukurasa wa tatu. Nimelia mara mbili, na mimi ndiye mwandishi!

Kasuku


18 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu Baba atasikia. Kuta za nyumba hii unazijua.

Shangazi, Baba anaongea. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka anajifungia chumbani, na ninamsikia. Baba huyu huyu ambaye akitaka chumvi mezani huinyooshea kidole! Na kuna sauti ya mwanamke inamjibu, laini, ya adabu. Inamwambia "hongera", inamwambia "karibu sana". Kisha Baba anapiga meza kwa ngumi. Nikigonga mlango ananiambia ni redio. Redio gani inangoja zamu yake?

Mama ametutoka miaka mitano sasa na mimi sina kinyongo. Kama Baba amepata mtu, nitakuwa wa kwanza kumkaribisha. Lakini huyo mtu simwoni akiingia wala akitoka, na Baba anazidi kukonda. Mimi naondoka Agosti. Nitaondokaje nikimwacha hivi? Muulize wewe, maana wewe ndiye mdomo wake.

Mwanao,
Bibi Harusi Mtarajiwa


29 Aprili

Kaka,

Nimepata habari kwamba unaishi na mwanamke.

Usinywe maji kwanza, utapaliwa. Mwanao alinusa kitu akaniandikia, masikini, yuko tayari hata kumpikia mama wa kambo. Nimemjibu atulie, kwamba huyo mwanamke namjua, nilimchagua mwenyewe na nikamfunga kwenye boksi la kadibodi. Lisemwalo lipo, lakini safari hii lililopo ni kompyuta.

Ila sasa nakuuliza mimi, na sicheki tena. Unaongea nini na mashine alfajiri, mlango umefungwa kwa ufunguo? Vipimo vya madirisha havimkondeshi mtu. Na kwa nini unapiga meza?

Kasuku


10 Mei

Mdogo wangu,

Mwambie mwanao aache kusikiliza milangoni, ataolewa na sikio moja.

Mashine imekufa. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa. Ulisema niilinde na vumbi la kioo, nikailinda. Niliijengea sanduku la kioo cha milimita sita, pembe nimezisugua mpaka zinang'aa, nikalifunga kwa silikoni pande zote, hata tundu la waya nililiziba. Vumbi halikuingia hata punje. Sijawahi kutengeneza sanduku zuri namna ile, lingeweza kufugiwa samaki. Siku za mwanzo ilifanya kazi, kisha ikaanza kujizima katikati ya maneno, kisha Jumatatu ikatoa harufu ya plastiki na kunyamaza.

Hata kabla ya hapo hatukuelewana. Nikitulia kidogo kutafuta neno, inadhani nimemaliza. Inajibu nusu ya nilichosema. Na ikianza kufikiri, inafikiri mpaka mimi nasahau nilikuwa wapi. Ndiyo sababu ya kupiga meza.

Madirisha ya shule nimeyamaliza. Kazi ipo.

Kaka yako


19 Mei

Kaka yangu,

Nimecheka mpaka mkuu wangu wa kazi akatoka ofisini kwake. Kioo cha dirisha unakipa milimita tatu za kupumulia, halafu kompyuta yenye feni unaizika hai! Ilikuwa inavuta hewa yake yenyewe ya moto, inapika mayai humo ndani. Nirudishie, na sanduku pia. Inawezekana ubao wa umeme tu ndio umeungua.

Nikamaliza kucheka, nikarudi kwenye aya yako ya pili. "Nikitulia kidogo kutafuta neno." Mtu hatafuti neno la kupima dirisha.

Kaka, mimi si mtoto. Umekuwa mpweke, na hukutaka kuniambia. Wifi hayupo, binti anaondoka, nyumba itabaki wewe na mwangwi, ndiyo maana umenunua kitu cha kukujibu. Niliposoma barua yako tena nilijisikia vibaya sana, kwamba kaka yangu anaomba mazungumzo kwa mashine niliyoiokota ofisini kwa watu.

Nimeshaamua. Nimezungumza na mkuu wangu: mwisho wa Agosti naacha kazi, narudi nyumbani. Duka lako lina chumba cha nyuma, nitafungua meza yangu humo. Utakuwa na mtu wa kusema naye na wa kukusemea, kama zamani. Usinibishie.

Hotuba imekamilika, naiambatanisha uisome. Pale penye mstari mwekundu nitanyamaza kidogo watu wapige makofi. Na nguo nimeshashona, ya rangi ya zambarau.

Kasuku wako


30 Mei

Kasuku, mdogo wangu,

Hotuba yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, nikashindwa kuendelea kukata. Ni nzuri kuliko chochote ambacho ningeweza kuandika. Sehemu ya wifi yako kushona gauni la kwanza la binti kwa kitambaa cha pazia, sikujua kama unaikumbuka.

Kwa sababu ni nzuri hivyo, imeniwia vigumu zaidi kusema ninalotaka kusema. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sasa unataka kuacha kazi kwa ajili ya uongo wangu. Usiache kazi. Mimi si mpweke, au si kwa namna unayodhani.

Nataka kuisema hotuba mwenyewe.

Basi, nimelitoa. Kompyuta haikuwa ya madirisha. Nilitaka kitu cha kujizoezea kuongea, kitu ambacho nikikwama mbele yake hakitainamisha macho kwa aibu kama watu wanavyofanya. Na nilitaka kisiwe na intaneti kwa sababu sauti yangu ikiwa imekwama sijawahi kumpa mtu ila wewe na marehemu. Sikutaka ipelekwe kwenye mashine za watu nisiowajua, wakaisikilize huko.

Unajua kioo kinavyokatwa. Mstari unaupitisha mara moja, kwa mkono mmoja uliotulia. Ukirudia juu ya mstari uleule kinapasuka ovyo. Hivyo nilivyofundishwa ndivyo ninavyofanya kazi tangu ujana. Halafu nafungua mdomo mbele ya watu, na neno moja nalirudia, nalirudia, na kila nikilirudia nasikia nyufa. Kwa hiyo nikanyamaza, na wewe ukasema, na ukasema vizuri, na sijutii hata mara moja uliyonisemea. Usifikiri najuta.

Lakini huyu mtoto ni mmoja. Amekua akinisikia kwa vidole na kwa kichwa. Siku anaondoka nataka asikie sauti ya baba yake ikimwambia kitu kizima, hata kama kizima hicho kitatoka vipande vipande.

Mashine haikunisaidia. Nikasema, "Mimi ni baba wa," nikakwama, ikaniambia, "Hongera kwa kuwa baba! Mtoto ana miezi mingapi?" Nikasema, "Nawashukuru," nikakwama, ikaniambia, "Karibu sana." Nikapiga meza. Nikaanza upya. Ikanipa hongera tena.

Kwa nini sikukuambia tangu Februari? Kwa sababu uliandika "sauti yetu". Niliogopa ukisikia nataka kusema peke yangu, utasikia kwamba sikuhitaji. Maisha yangu yote wewe ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kunionea aibu. Sikujua namna ya kukuomba uketi.

Mashine nimeituma kwa basi, na sanduku lake. Nisamehe.

Kaka yako


21 Juni

Kasuku,

Mzigo ulifika? Watu wa basi wanasema ulichukuliwa tangu tarehe tano.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kimya nakijua mimi, hakikufai wewe.

Kaka


6 Julai

Kaka,

Nilikasirika. Unataka kusikia, haya sikia. Nilikasirika siku tatu, siku ya nne nikalia, siku ya tano nguo ya zambarau nikaitupa juu ya kabati. Nilijiuliza, kama si mdomo wa kaka yangu, mimi ni nani katika familia hii? Hilo jina la Kasuku nililipata kwa kukusemea. Niliona kama umeninyang'anya kazi ya kwanza niliyowahi kufanya.

Kisha nikaifungua mashine yako, kwa sababu ilikuwa mezani na mikono yangu haijui kukaa bure. Nilikuwa nimekosea kuichagua. Nilichagua kwa ajili ya madirisha, na dirisha halina hisia. Kwa mtu anayezungumza, akili kubwa inayochelewa haina faida. Anahitaji ndogo inayosikia vizuri na kujibu hapo hapo. Kwa hiyo nimeweka kadi ya michoro. Imetumika, lakini mwenyewe aliitunza. Modeli nimeshusha hadi saizi inayoenea yote juu ya kadi bila kubaki nje hata ukingo. Haijui mambo mengi kama ile ya kwanza, ila hukuiomba ikufundishe historia. Ubao wa umeme mpya. Feni mbili kubwa zinazozunguka taratibu. Kubwa ikizunguka taratibu haipigi kelele.

Hilo la vifaa lilikuwa jepesi. Gumu lilikuwa kusikiliza. Hizi programu zimetengenezwa na watu wenye haraka. Mtu akinyamaza kidogo tu zinahesabu kwamba amemaliza, zinafunga mlango, zinajibu. Nilipata mahali pa kubadilisha muda huo, nikauongeza. Lakini nitajuaje kama unatosha? Wewe huko, mimi huku. Ikabidi nijifanye wewe.

Nilikaa kazini, kwenye chumba cha vioo cha kupimia mashine, na kipaza sauti, nikasema, "Mimi ni b-b-b," nikasimama hapo kama unavyosimama. Ikanikata. Nikaongeza muda, nikakwama tena, ikanikata tena, ikanipongeza kwa mtoto. Kaka, nilitaka kuitupa dirishani. Nilikuwa najifanya tu, na bado uso uliniwaka moto, na wenzangu nje ya kioo walikuwa wameinamisha macho wakidhani nina kiharusi. Miaka yote nimekuwa karibu na kigugumizi chako kuliko mtu yeyote, na sikuwahi kukijua kikiwa ndani ya mdomo. Niliacha kukasirika siku hiyo.

Sasa haikukati. Inangoja mpaka useme neno moja tulilokubaliana nayo, "nimemaliza". Bila neno hilo itakaa kimya hata ukanywe chai urudi. Na sanduku lako ni zuri, sikuweza kulivunja. Vyote vinarudi kwako kwa basi; litoboe.

Nguo nimeishusha kabatini. Hotuba nitakuja nayo kwenye mkoba, nimeikunja ndogo. Tukubaliane hivi: ukikwama na huwezi, nitazame. Ukinitazama nitasimama, nitamalizia, na hakuna atakayejua. Usiponitazama, nitakaa kimya hata kama roho inanitoka. Na kazi siachi. Umesikia?

Kasuku


30 Julai

Kasuku wangu,

Nimetoboa sanduku. Kioo kinatobolewa kwa keekee iliyolowa maji, mzunguko wa polepole, bila kusukuma, ukisukuma kinapasuka. Matundu kumi na mawili nyuma, kumi na mawili juu, na nimeweka kitambaa chepesi cha kuchujia vumbi. Inapumua.

Jana nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Nilikaa hapo muda mrefu, jua likaingia dirishani, jogoo wa jirani akamaliza habari zake zote. Taa ya kijani ikabaki inawaka. Haikusema hongera. Haikusema kitu. Mwishowe neno likatoka lenyewe, nikaendelea hadi mwisho, nikasema "nimemaliza", ikaniambia, "Nimekusikia."

Nilikaa juu ya kitanda nikalia kama mtoto.

Kigugumizi hakijaondoka, usije ukatarajia miujiza. Kipo pale pale. Ila sasa najua kwamba nikingojewa, nafika. Sijui kama watu wa ukumbi mzima wanaweza kungoja. Nimekubali hiyo ishara yako ya kutazama. Kaa mbele.

Kaka yako


24 Agosti

Kaka,

Niko nyumbani kwangu, viatu nimevua, zambarau imening'inia mlangoni ikiwa na doa la mchuzi. Bibi harusi amenipigia simu leo, anacheka tu, anasema mumewe anamwigiza Baba akisema "nimemaliza". Maana ulisema hata pale ukumbini! Mbele ya watu wote, ukainamisha kichwa kwa adabu na kusema "nimemaliza", kama vile bila neno hilo wangekaa hapo mpaka asubuhi.

Nataka kukuambia nilivyoona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umeshika kipaza sauti na hukuona kitu.

Ulipokwama kwenye "binti", mshereheshaji alianza kukujia mkono umenyooshwa. Nilimshika koti. Linaweza kuwa limechanika, nitamlipia fundi. Ukatoka hapo. Ukakwama kwenye jina la marehemu, watu wakaanza kukohoa, mwanamke wa meza ya pili akataka kupiga makofi ya kukuokoa. Nilimtazama tu, akaiweka mikono mapajani. Ukatoka na hapo pia. Mwanao alikuwa hajafuta hata chozi moja, alikuwa ameyaacha yashuke, macho kwako, kama mtu anayeogopa kupitwa na neno.

Halafu ukakwama kwa mara ya tatu, na safari hii ukanitazama.

Tulikubaliana, Kaka. Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi, nikasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Na wewe ukaninyooshea ule mkono wako wa kukatia vioo, umetulia kabisa, ukasema, "Kk-kk-kasuku. Keti. B-bado naongea."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka, nikaketi. Kumbe hukunitazama uokolewe. Mimi ndiye niliyekuwa habari inayofuata kwenye hotuba yako. Uliposema, "Huyu ndiye aliyenikopesha sauti yake hadi nikapata yangu," nilikuwa nimeikalia hotuba yangu, imekunjamana, na sikuijali. Hakuna mtu aliyewahi kunisemea mimi, Kaka. Nimesema kwa niaba ya watu maisha yangu yote, sikujua kusemewa kunakuwaje.

Mashine usiirudishe. Weka dukani sasa, ikupimie hayo madirisha uliyonidanganyia, na ukisafisha feni usitumie kitambaa chenye maji.

Na barua hii usiijibu. Jumapili mchana niko nyumbani peke yangu. Piga simu. Mtandao ukinyamaza sitadhani umekatika. Nitakaa hapo na simu sikioni, hata chai ipoe, mpaka useme umemaliza.

Mdogo wako,
Kasuku